Kugeuza Slashi Bila Mtoto

Bosi wangu pale kwa duka la kuchapisha, Gakoromone, aliniambia, "Mtoto unaweza kuja naye, bora kazi isichelewe." Nikawa namlaza ndani ya katoni ya karatasi chini ya meza, nachapa vijitabu vya mazishi huku nanyonyesha. Hiyo ndiyo kazi yetu kubwa. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu cha picha.

Ijumaa moja jioni bosi akatoa Windows kwa kompyuta, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, eti virusi vimezidi. Hakuniambia. Jumamosi asubuhi familia kutoka Laare ikaja kuchukua vijitabu vya baba yao, gari la maiti likinguruma nje. Nafungua faili niprinti: maandishi yapo, picha hakuna. Visanduku vitupu tu, na jina la mzee chini yake.

"Madam, na baba yetu ako wapi?" binti yake akauliza.

Bosi akanirukia mbele ya watu. "Muulizeni huyu. Akili yake yote iko kwa matiti!"

Shenzi. Ni yeye aliyenikataza kuweka picha ndani ya faili, eti inakuwa nzito. Faili ibebe tu njia ya kufikia kila picha. Sasa njia zote zilianza na C na nukta mbili, jina la diski ya Windows, na slashi, vile vistari vya kutenganisha folda, zimelala kinyumenyume. Linux haijui C yoyote. Yake inaanza na slashi iliyoinama mbele, inapitia folda inayoitwa home, ndiyo ifike kwa picha. Picha hazikupotea, bosi alikuwa amezihamishia huko. Zilitafutwa kwa nyumba iliyobomolewa.

Nikarekebisha moja baada ya nyingine, mtoto analia kwa katoni, hakuna aliyemwinua. Mwishowe mzee akatokea, na kofia yake ya kanisa.

Binti akamshukuru bosi. Bosi! "Karibu, ni kazi tu," akajibu. Walipotoka akanigeukia: "Jumatatu uje bila huyo mtoto."

Nikaenda. Ningekula nini? Mtoto anabaki kwa jirani, anapewa uji kabla ya wakati wake. Kila faili ya zamani inataka kugeuzwa slashi, na hapo dukani ni mimi tu najua kuzigeuza. Ikifika saa nne maziwa yanajaa, yanalowesha blauzi. Bosi anaangalia kando, eti ni heshima. Mimi nageuza.