Kikombe cha Kahawa Juu ya Injini

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilishikishwa kikombe cha kahawa. Fundi Mkuu wa karakana, mzee wa Bagamoyo aliyevaa kofia ya kiua juu na ovaroli chini, aliniita kwenye lori lililokuwa likiunguruma uwanjani, akanipa kile kikombe kidogo kisicho mkono, kimejaa mpaka ukingoni.

"Kiweke juu ya kava la tapeti," akasema, maana yake lile bati linalofunika kichwa cha injini. "Sasa kaa utazame."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Nikakaa. Kahawa ilicheza, ikajikunja, mara tone likaruka nje, likachemka juu ya bati na kupotea. Fundi Mkuu akazima injini. "Umeona? Hii bado mgonjwa. Hapa kwangu, gari likimwaga kahawa halitoki getini." Asubuhi ile yote nilitazama kahawa, na mpaka leo nikifumba macho naiona ikizunguka.

Ninyi mnaoanza kazi sasa mtacheka. Chekeni tu. Wakati wetu injini ya dizeli haikuwa na mahali pa kuchomeka waya wa kompyuta. Ilikuwa na pampu ya kusukuma dizeli, na nozeli, vijibomba vyenye matundu membamba vinavyopuliza dizeli ndani ya silinda ikawa ukungu. Ukitaka lori liwe na nguvu zaidi unazungusha skrubu ya pampu, linakunywa zaidi. Skrubu ile, jamani, ilikuwa fitina! Dereva anakuja na maneno matamu: "Fundi wangu, niongezee kidogo tu, wenzangu wananiacha." Ukimwongezea, anaondoka anapiga honi na moshi mweusi nyuma. Anarudi anavutwa kwa kamba, pistoni zimeyeyuka kwa joto.

Kutoka hapo nilihamishiwa Ubena, kambi ya matengenezo ya barabara. Msimamizi wa Mitambo pale alikuwa mkali, hataki kusikia habari za vikombe. Yeye alikuwa mtu wa masikio. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaigusisha kwenye injini, mpini unauweka sikioni. "Usiniambie unafikiri nini," alikuwa akifoka. "Niambie unasikia nini!" Nilisikiliza mpaka nikawa nasikia nozeli moja iliyochelewa kati ya zote.

Kisha nikapelekwa Msata, njia panda. Miaka ile naikumbuka kwa namna ya ajabu, mchana mrefu usio na mwisho, vumbi jepesi, harufu ya mahindi ya kuchoma na dizeli. Nilikuwa nikijilaza kwenye benchi, kofia usoni, nasikia lori likija kutoka Segera, nasema, "Huyo klachi inateleza," na kweli, dereva akishuka neno lake la kwanza ni klachi. Nilikuwa na furaha sana pale, wala sikujua kwamba ndiyo furaha yenyewe.

Nikastaafu, nikarudi Bagamoyo kwenye nyumba yangu ya kando ya barabara. Na masikio nayo yakastaafu. Ndege walitangulia kunyamaza, kisha adhana ya msikiti wa mbali, kisha maneno ya wajukuu. Watu wakicheka na mimi nacheka. Sikumwambia mtu.

Ndipo alipokuja Rukia, mtoto wa marehemu dada yangu. Rukia anabeba mananasi kutoka Kiwangwa kupeleka Dar, kwa lori lake moja, zee, analoliendesha mwenyewe. Wanawe wanakula na kusoma kwa lori hilo, hana jingine.

"Shikamoo mjomba!" Alijua kunisemesha kwa sauti kubwa, ila alidhani ni uzee tu.

"Marahaba mwanangu. Mbona sura hiyo?"

"Wateja wananikimbia. Likiwa na mzigo, kwenye mlima linatambaa. Nikifika, soko limeshaamka na kulala."

Alikuwa na kijana wa Mapinga, Nassoro, fundi wa kompyuta za magari. Nassoro akanieleza vizuri, uso kwa uso, nikimtazama midomo. Lori lile lina kisanduku kinachoamua dizeli iingie kiasi gani na wakati gani. Maelekezo yaliyomo wanayaita ramani. Angeweza kuitoa ya kiwandani na kuweka nyingine: ya nguvu, ya kubana mafuta, au ya kati.

"Ya nguvu!" Rukia akadakia. "Nataka lipande huku linaimba."

"Naweza kuweka yoyote, dada," Nassoro akasema. "Lakini injini imechoka. Sijui itabeba ipi."

"Ndiyo maana tupo hapa. Mjomba atasikiliza. Masikio yake hayajawahi kukosea."

Lo! Wakaliwasha lori. Nikachukua bisibisi yangu, nikaweka mpini sikioni. Kimya. Kioo cha pembeni nakiona kinatetemeka, na ndani ya sikio langu hakuna kitu, kimya cha chini ya maji. Nikahamisha ncha huku, nikahamisha kule. Machozi yakanitoka, sikuyazuia.

"Rukia, sisikii."

"Husikii nini?"

"Sisikii chochote, mwanangu. Masikio yamekwisha."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akafanya ule ukali wa mtu anayetaka kulia. "Basi Nassoro, weka ya nguvu. Liwalo na liwe."

"Subiri!" nikasema. "Nileteeni kahawa."

"Kahawa sasa hivi, mjomba?"

"Wallahi, sasa hivi. Na kikombe kijae."

Kilipokuja nikakiweka juu ya kava la tapeti, nikasema tuzijaribu ramani zote tatu. Nassoro akaweka ya nguvu, akakanyaga mafuta. Kahawa ikasimama vijimwiba, ikaruka nje, kikombe chenyewe kikatembea mpaka ukingoni mwa kava, Rukia akakidaka. "Nguvu za soda hizo," nikamwambia. "Hufiki nazo mwaka." Tukajaza tena. Ya kubana mafuta ilituliza kahawa kabisa, lakini Nassoro akatikisa kichwa: kwa ramani hiyo mlima ungebaki mlima. Akaweka ya kati. Nikalaza kiganja karibu na kikombe. Nguvu ilianza chini, mapema, ikapanda taratibu mkononi mpaka kifuani, na kahawa ikafanya duara ndani ya duara.

"Hii. Iongeze mpaka kahawa itake kumwagika, halafu urudi nyuma kidogo."

Akabonyeza kompyuta yake, akabonyeza. "Hapo hapo!" nikapiga kelele. Akaongeza la kwake: kikomo cha joto, kwamba Rukia akanyage atakavyo, joto likifika pale dizeli haitaongezeka. Hilo skrubu yangu haikuwahi kuliweza, nikampa mkono.

Rukia alinuna. "Kwa hiyo mabasi yataendelea kunipita."

"Yakupite. Sokoni hutapitwa."

Kesho yake akaondoka na mzigo. Nilikuwa na hofu, sifichi. Zamani ningemsikia akirudi tangu yuko mbali. Sasa nilikaa barazani, nikaweka kikombe kwenye saruji, kimejaa, nikakitazama. Pikipiki zilipita, kahawa haikujali. Basi likapita, ikatetemeka ovyo. Jua likahamia upande wa pili wa barabara. Niliwawazia Fundi Mkuu na Msimamizi wa Mitambo, wote wametangulia mbele ya haki, na kwamba kazi ya maisha yangu yote, ukiiondolea grisi, ilikuwa kutulia na kungoja kitu kiseme chenyewe.

Karibu na alasiri kahawa ikaanza. Duara dogo katikati, kisha jingine, polepole, bila papara, yakapanuka mpaka ukingo, na tone halikuanguka. Sikuinua kichwa mpaka yalipotulia.

Lori lilikuwa limesimama mlangoni kwangu, bodi tupu, majani ya mananasi yamenasa kwenye mbao. Rukia alitoa kichwa dirishani anasema maneno mengi kwa furaha, sikupata hata moja. Nikachukua kikombe changu. Kahawa ilikuwa imepoa, nikainywa yote.