Mahali pa Kuonea Ng'ambo

Sisi tuliokulia Kisangani kabla simu haijaingia mfukoni mwa kila mtu tulikuwa na kazi moja ambayo watoto wa leo hawaijui: kutafuta mahali pa juu pa kuonea. Siku hizi mgeni akifika mjini anaambiwa apande terasi fulani, anunue soda, apige picha ya mto, basi, ameiona Kisangani. Zamani zetu mahali pa juu hapakuuzwa. Tulipatafuta kwa miguu, tukachubuka magoti, tukala makofi ya watu wazima, na kila mtoto alikuwa na sababu yake. Yangu mimi ilikuwa maman.

Maman aliishi Lubunga, ng'ambo ya mto, nilikozaliwa. Papa alikuwa ameshafariki, na maman alitulisha kwa kuuza lituma, zile ndizi anazoziponda kwenye kinu mpaka zinanata, pamoja na samaki wa kuchoma. Nilipofikia umri wa kusoma kwa bidii, familia iliamua nivuke niende kukaa kwa tonton Bosco, mdogo wake papa, karani wa serikali aliyekaa katikati ya mji. Kuvuka kila siku kwa pirogi, ile mitumbwi yetu, hakukuwezekana. Mvua ikinyesha juu huko, mto unabeba hata miti mizima, na maman alikuwa ameona mengi kwenye maji yale.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka ufukweni. Alikuwa amejifunga liputa nyekundu, kitenge chake cha sikukuu, akakishika pindo akanionyesha.

"Kila asubui nitaanika hii liputa kwa kamba, upande wa mai," akasema. "Ukiiona, ujue tuko bazima. Usilie. Mai inatenganisha miguu, haitenganishe macho."

Nilivuka bila kulia. Kesho yake alfajiri nikakimbia ufukweni upande wa mjini, nikatazama ng'ambo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyefikiria nitaionea wapi hiyo liputa. Kutoka chini niliona mahangari, yale maghala ya zamani ya reli, michikichi, na moshi wa majiko. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya mahangari. Basi nikalia, amri au si amri.

Safi, binti wa tonton, rika langu, ndiye aliyesema kwamba tatizo langu ni ufupi tu. Tutafute mahali parefu. Tulianza na uwanja wa mpira, tukapanda mpaka safu ya mwisho ya viti, tukaona mabati ya mtaa wa Mangobo na wavulana waliotuzomea. Jumamosi moja tukatembea mpaka daraja la Tshopo. Jamani, pale palikuwa pazuri! Maji yanaporomoka kwa hasira, mvuke unakulowesha uso, na chini harufu ya mawe mabichi na samaki. Safi alitaka tukae mpaka jioni. Lakini ule ulikuwa mto mwingine kabisa. Safi akatoa alama kama mwalimu: "Daraja: uzuri kumi, maman sifuri." Tulirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na kandambili ya mama yake ikatupokea mlangoni.

Tulienda Wagenia pia, kwenye maporomoko, tukawaonea wivu wavuvi waliokuwa wakipanda miti yao mirefu juu ya maji kama sisi tunavyopanda ngazi. Uzuri tisa, maman sifuri. Tukajaribu mnara wa kanisa, tukafukuzwa kabla ya kufika kwenye kengele, na kusema kweli aliyetufukuza alikuwa na haki.

Mwishowe tukalipata jengo. Lilikuwa la ghorofa nyingi, katikati ya mji, na mwenyewe alikuwa ameondoka nchini kabla ya kuweka hata dirisha moja. Mlangoni alikaa mlinzi, papa Saidi, mzee Mwislamu aliyetoka Maniema, mwenye birika lake la kutawadhia na redio iliyofungwa kwa kamba.

"Batoto, munatafuta nini huku?"

"Papa, tunaomba kuona liputa."

"Liputa ya nani?"

"Ya maman yangu. Iko Lubunga."

Nilidhani atatucheka. Kumbe naye alikuwa na watu wake Maniema ambao hakuwa amewaona kwa miaka.

"Bon, pandeni. Lakini mukae mbali na ukingo. Na musiteme mate chini, batu banapita."

Ngazi hazikuwa na mahali pa kushika na zilinuka popo. Tulipotokeza juu, upepo ukatupiga, na mji wote ukawa chini yetu. Niliona mto mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, ukipinda kwenda Yangambi. Kanisa kubwa lilikuwa dogo. Waendesha toleka, zile baiskeli zetu za abiria, walikuwa wakikimbizana barabarani bila sauti. Kila upande mabati yanapoisha, msitu unaanza, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mji wetu tuliojivunia ni kiwanja kilichofyekwa tu katikati ya miti. Niliogopa kidogo.

"Iko!" Safi akapiga kelele. "Nyekundu! Iko pale!"

Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu, nyuma ya mahangari, lakini ilikuwa inacheza na upepo. Nilikaa chini nikacheka.

Tangu siku ile tulipanda kila asubuhi kabla ya shule, sare ya bluu na nyeupe, mikate ya kukaanga ya moto mkononi ikichuruzika mafuta. Sikuwa peke yangu kwa muda mrefu. Akaja msichana aliyengoja mashua ya baba yake kutoka Yangambi, wakaja na wengine, kila mmoja na ng'ambo yake. Tukicheza nzango huko juu, tukiruka na kupiga makofi, papa Saidi alikuwa anagonga ukuta kwa fimbo kutoka chini: jengo si lenu! Tonton Bosco yeye alituita ndege. "Mutu anasoma kwa daftari, hasome kwa mabati," alisema.

Kisha zikaja zile siku. Watu wa Kisangani wa rika langu wanazijua, na hatuzitaji tukiwa mezani. Mabomu ya majeshi mawili ya kigeni yalipita juu ya nyumba zetu yakitafutana. Tulilala sakafuni kwenye korido, magodoro juu yetu, tukila kwanga kavu, ule muhogo wa kufungwa kwenye majani, mpaka kwanga ikaisha. Tonton alishika rozari mkono mmoja, mkono mwingine kichwa cha Safi. Hakuna pirogi iliyovuka. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kama kamba ya maman ina nguo au haina.

Asubuhi ambayo hatimaye kulinyamaza, nilijua tonton atanikataza kutoka. Alisimama, akavaa viatu, akanishika mkono. "Twende tuone," akasema.

Papa Saidi alikuwa mlangoni, ndevu zimejaa vumbi la saruji. Alitupisha. Juu, ukuta wa upande mmoja ulikuwa umetobolewa. Nilitazama nyuma ya mahangari. Hakukuwa na nyekundu. Kamba zote za Lubunga zilikuwa tupu. Tonton akaniziba macho kwa kiganja, nikauondoa mkono wake. Tulikaa. Jua likapanda, saruji ikaanza kuwaka chini yetu. Kisha, polepole, kama mtu anayesita, doa jekundu likatokea na kutandazwa.

Tonton Bosco, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani kwa kaka yake, aliinamia saruji akalia kwa sauti.

Pirogi zilipoanza tena, nilivuka. Maman alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama masikio, shingo, vidole.

"Uliona liputa?"

"Niliiona, maman."

Kisha akauliza taratibu, "Na miye, nilikuwa niangalie nini?"

Siku zote zile alisimama ufukweni akitazama moshi wa upande wetu, na hakukuwa na alama yoyote ya kumwambia kwamba niko hai. Alianika nguo kwa ajili ya mtoto ambaye hakujua kama ana macho bado ya kuiona. Niliumia sana, na naumia hata leo nikikumbuka. Nilimwonyesha lile jengo, nikarudi mjini na kipande cha shuka nyeupe, na kila asubuhi, nikishaiona nyekundu, nilikuwa natikisa nyeupe mpaka bega linauma.

Leo lile jengo lina vioo, miavuli na muziki. Papa Saidi tulishamzika, na hakuna anayejua jina lake huko juu. Vijana wanapanda kwa viatu vyeupe, wanaugeuzia mto mgongo, wanapiga picha, halafu wanasema wameuona. Binti yangu nilipompeleka mara ya kwanza alizunguka terasi yote, akarudi na simu mkononi, na habari njema ya mtandao: "Maman, huku réseau iko bien!" Sisi tulipanda kutafuta mtu. Wao wanapanda ili watafutwe. Siwalaumu, watu wao wote wamo mfukoni.

Maman hajakubali kuhama Lubunga. Macho yake yameingia ukungu, haoni hata kidole chake, lakini kila asubuhi anaipapasa kamba na kuanika. Liputa zimechakaa nyingi, yeye ananunua nyingine, nyekundu. Jumapili ananipigia simu: "Uliiona?" Kuna Jumapili moja nilikuwa jikoni, nikamjibu upesi, niliiona, maman. Akanijibu: "Leo sikuianika, mwanangu. Nililala na homa."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa napanda. Naagiza soda ili wasinifukuze, nakaa upande wa jua ambao vijana hawautaki, natazama nyuma ya mahangari. Nikishaiona natoa kitambaa cheupe mkobani, nasimama, natikisa. Vijana wa meza za jirani wananitazama kama mwendawazimu. Najua maman haoni. Ndipo simu inalia.

"Uliiona?"

"Niliiona, maman. Upepo unaipiga."

"Na weye, ulitikisa?"

"Nilitikisa."

"Bon," anasema. "Sasa kunywa soda yako, isipate moto."