Lenzi Isiyovuta

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikikuona, mwanangu, ukifuta lenzi za kamera yako kwa ule upole wako. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Hayes, ughaibuni, na nikiishi Hounslow kwa shangazi yangu Rukia, dada wa baba. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Miaka mingi alikuwa hajaonana na mama yake, yaani bibi yangu wa Tanga, kwa sababu karatasi zake za ukaazi zilikuwa hazijakamilika. Angetoka nchini, asingeruhusiwa kurudi.

Nilikuwa na kamera ya filamu na lenzi mbili, zote za aina isiyovuta vitu karibu. Ukitaka kitu kionekane kikubwa, unakisogelea kwa miguu yako. Moja ilikuwa pana, ya kupigia anga na majengo. Ya pili ilikuwa ya sura za watu, na hiyo ilikaa tu mkobani, maana nilikuwa na haya. Shangazi nilimpiga picha akiwa ng'ambo ya barabara anasubiri basi, au kule mwisho wa duka anachagua mihogo. Picha hizo tukazituma Tanga.

Bibi akapiga simu. "Rukia, picha nimeziona. Nimeona mabasi, nimeona mihogo. Wewe uko wapi?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nikaanza kujitetea kwamba lenzi zangu hazivuti. Akaniambia taratibu, "Miguu unayo, baba. Unaniogopea nini?"

Basi jioni moja ya Oktoba, tumemaliza tu kuswali isha, jirani yetu, mama wa Kigujarati aliyekulia Mwanza, akatugongea. "Tokeni nje, mbingu imekuwa nyekundu."

Tukatoka. Juu ya mapaa, upande wa kaskazini, palikuwa na wekundu uliopanda na kushuka polepole, na michirizi ya kijani chini yake. Mianga ya kaskazini, ambayo watu huifuata mpaka Norwei, ilikuwa imetujia yenyewe. Nikaegemeza kamera juu ya ukuta wa bustani isitikisike, nikapiga, nikapiga tena.

Nyuma yangu nikamsikia shangazi akiongea. Alikuwa amesimama mlangoni, koti juu ya kanga, waya wa simu ameuvuta mpaka kizingitini. "Mama, laiti ungeona. Kama mtu katandika kanga mpya juu huko." Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka.

Mbingu ilikuwa bado inawaka. Nikaipa mgongo. Nikabadilisha lenzi, nikaweka ile ya sura za watu, nikamsogelea shangazi mpaka nikaisikia sauti ya bibi ndani ya simu, nikampiga picha kwa mwanga wa taa ya mlangoni. Lenzi ile ilikuwa na tundu kubwa la kupitishia mwanga, hata mwanga kidogo uliitosha.

Picha za mbingu zilitoka nzuri, na leo sijui ziko wapi. Ile ya mlangoni ilifika Tanga, na bibi akapiga simu kusema, "Sasa nimekuona, mwanangu."

Karatasi zilipokamilika tulisafiri pamoja. Tulimkuta bibi macho yameshapoteza nuru kabisa. Picha ilikuwa chini ya mto wake wa kulalia, na bado aliwaonyesha wageni kwa kuipapasa. Shangazi akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake akauweka shavuni kwake. Uso ule wa pichani ndio uso wa mwisho wa mwanawe ambao bibi aliuona.

Sasa wewe unakwenda Norwei, na kamera yako ni bora kuliko yangu. Nenda, mwanangu, kaipige mianga hiyo, inastahili safari. Lakini mbingu huwezi kuisogelea hata ukitembea mpaka uchoke. Mtu unaweza. Mama yako yuko jikoni kila Jumapili. Mpige picha akikanda unga, mpige picha akikukaripia, usingoje avae nguo za harusi. Muombe ruhusa, sogea, kisha kaa naye kidogo kabla hujafyatua.

Mungu akuhifadhie macho yako, akurudishe salama, na kila utakayemsogelea akufungulie moyo wake.