Ukurasa wa Ndege wa Asali

Siku yenyewe naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la kwanza hapa Mwamkulu, binti mwenye majivuno na penseli za rangi, nikiwachorea watoto kitabu cha picha kwa mkono wangu. Babu aliyenilea, Mkonongo mrina asali, akasimama mlangoni na shoka begani.

"Mwalimu, ndege wa asali kaja. Njoo umuone, umchore."

Ndege huyo hulia mpaka mtu amfuate, kisha humwongoza mti kwa mti hadi kwenye nyuki. Babu alimjibu kwa mluzi wake, wakaelewana. Mimi nikasema, "Nakuja, babu," bila kuinua kichwa. Unaijua hiyo "nakuja" yetu. Maana yake siji. Nilikuwa nanakili tufaha kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Kwangu, vya vitabuni vilitoka mbali, na vya porini vilikuwa vya porini tu.

Kesho yake nikawaonyesha watoto picha ile. Msichana mmoja akasema kwa furaha, "Nyanya!" Nikamsimamisha pembeni kwa ujinga wake, kumbe ujinga ulikuwa wangu. Babu aliposikia hakucheka.

"Mjukuu wangu, umempa mtoto kitu asichokijua, halafu unamwadhibu kwa kutokukijua. Nyie mliosoma mna mambo."

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimsikia kwa sikio moja. Nikaendelea na "nakuja" zangu mwaka hadi mwaka, mpaka babu akapata kiharusi, mdomo ukapinda. Nilikaa kando ya kitanda chake na daftari, nikimwomba apige ule mluzi japo kidogo. Ikatoka pumzi tupu. Tukalia wote wawili, na wiki ile ile tukamzika.

Sasa nimestaafu, muda ninao, na majuto ni mjukuu. Miti aliyopita chini yake imekatwa, mingine kuni za kukaushia tumbaku, mingine mkaa. Na mkaa huo mimi pia nimeupikia, sijitoi. Kitabu kipya nimekichora: sisimizi na punje ya mahindi, chura wa mtaroni, tunda la mtonga lililopasuka. Ukurasa wa ndege ni mweupe. Nilimsikia utoto wangu wote, sikumtazama hata mara moja. Nawauliza wenzangu alikuwa na rangi gani, kila mmoja anasema lake. Nimeketi asubuhi nyingi pembezoni mwa mashamba nikimngoja, na hapiti. Inaniuma, mwanangu, wala sioni dawa yake.

Basi wewe unayetaka kuwatungia watoto vitabu, usiende mbali kutafuta cha kuchora. Anza na panzi aliye kwenye majani ya maboga uani kwenu. Mchore leo, maana maji yakimwagika hayazoleki. Na mkubwa akikuita uone kitu, weka penseli chini utoke, hata kama ni kitu ulichokiona jana. Sikudanganyi kwamba kitabu kitarudisha msitu. Angalau mtoto atajua amenyimwa nini.

Mungu akupe macho mepesi kuliko yangu, na akujalie mtu wa kukuita, nawe uitike kwa miguu.