Jogoo Mbele ya Kompyuta

Juzi kompyuta ya binti yangu iliandika kwamba inajisasisha, tusiizime. Nikajikuta nimesimama nikitazama asilimia zikipanda.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu, kwetu Dunga, ulionuka omena, wale dagaa wa kuanikwa, na mvua iliyokuwa ikija kutoka ziwani. Mjomba alileta CD atuwekee mfumo mpya kwenye kompyuta ya marehemu baba. Mfumo wa zamani ulikuwa na picha ya kilima cha kijani, na mimi niliamini picha zote za baba zinaishi nyuma ya kilima kile.

"Ni kama kuhamia boma mpya," mjomba alimwambia mama. "Ile ya zamani tunabomoa."

Nani huhamia boma jipya bila jogoo? Kwetu jogoo hutangulia ndipo watu wafuate. Baba angeachwa nje! Nikakimbia uani, nikamkamata jogoo wa mama, nikamweka juu ya ile mashine iliyokuwa ikivuma.

"Ai! Toa hiyo kuku hapa!" mjomba alifoka.

Mama hakucheka. "Wacha ikae," alisema.

Kioo kilikaa cheusi muda mrefu, kisha kikawaka bila kilima. Mama akatafuta, akatafuta, hadi baba akatokea akitabasamu.

Leo najua mjomba alikuwa amezihifadhi picha kwenye flashi mapema, kisha akazirudisha. Lakini juzi, asilimia zilipokwama karibu na mwisho, nilimpigia mama simu kumwuliza kama bado anafuga kuku.