Ndoo Ikipanda, Miguu Ikizama

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni Lodwar, na fizikia ilikuwa inanitoa jasho. Nilitaka kuwa fundi wa pampu za visima. Bila somo hilo, ndoto imekwisha. Mwalimu wetu, aliyetoka Kitale, aliniita kabla ya likizo ya Agosti. "Ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma, nguvu sawasawa, upande wa pili. Sasa kama ziko sawa, mbona hazifutani? Ukirudi bila jibu, natoa jina yako kwa listi ya fizikia."

Nilikariri maneno hayo ndani ya pikapu mpaka Kakuma. Yaliniudhi kupita kiasi. Nguvu mbili sawa, zinapingana, halafu kitu bado kinasogea? Upuuzi mtupu. Maabara ya shule yenyewe ilikuwa na kigari kimoja cha majaribio, nasi tulitakiwa kuelewa vigari viwili vinavyogongana.

Nyumbani Lopur nilirudia kazi yangu ya kila likizo. Sisi huchimba kisima kwenye mchanga wa laga, mto uliokauka. Mmoja husimama chini majini na kurusha ndoo juu, mwingine huidaka na kuwamiminia mbuzi. Mimi chini, mama juu. Siku hiyo nilirusha kwa hasira, nikimtukana mwalimu kimoyomoyo, na kufikia ndoo ya kumi mchanga ulikuwa umenifika magotini.

"Rusha polepole!" mama akafoka. "Unavyoisukuma ndoo juu, ndivyo inavyokusukuma chini. Wewe mtoto, tangu lini hujui?"

Nikaduwaa, ndoo mkononi. Nguvu moja iliishika ndoo, nyingine ilinishika mimi. Zingefutanaje, na kila moja ina mwenyewe? Badala ya kufurahi nilikasirika zaidi: nimezama visimani tangu nina miaka minane, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hiyo ndiyo fizikia.

Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu yote hayo.

"Umesoma kitabu gani?" akauliza.

"Mama ndiye aliniambia."

"Mama amesoma mpaka wapi?"

"Hajasoma."

Alicheka, lakini jina langu akaliacha kwenye listi. Wiki iliyofuata nilipita nje ya darasa la kidato cha tatu, nikamsikia akifundisha habari ya kisima, ndoo na miguu inayozama.

"Hii mfano," akawaambia, "nilifikiria mwenyewe."