Pale Rekodi Ilipokoma

Kazi ya Ramlah ilikuwa kutunza sauti za watu. Katika kampuni moja ya mbegu, pale Mbale eneo la viwanda, kila simu ya mteja na kila mkutano wa wakubwa ulirekodiwa na programu ya kompyuta, naye ndiye aliyeisimamia. Programu hiyo ilikuwa na ila moja: rekodi ikipita masaa matatu, sehemu ya ziada haihifadhiwi. Dawa yake ni kuisimamisha na kuianzisha upya kabla ya hapo. Wakubwa wa kampuni walibwabwaja hata masaa sita, na Ramlah akawakata vipande kama muwa, asipoteze hata kikohozi.

Basi ukoo ulipotaka kukutana kwa simu, watu kumi na wawili waliotawanyika Jinja na Mbale, nani mwingine angepewa kazi ya kurekodi, kwa programu ileile? Jambo lenyewe lilikuwa nyumba iliyoko Wanyange, karibu na Jinja, aliyoishi mama yake Ramlah, Hajara, mjane. Hati ilikuwa na jina la Baba Mkubwa Ramathan, kaka wa marehemu mumewe, ambaye sasa alikuwa mgonjwa. Mwanawe Fadhul ndiye aliyetoa shauri: "Tusikuje kubishana baadaye. Rekodi ndio shahidi." Wote wakakubali.

Hawa ni watu ambao salamu zao peke yake ni safari. Masaa mawili yalikwisha kwa kujuliana hali na kuwaombea waliotangulia. La tatu likaliwa na shangazi mmoja na kesi yake ya mbuzi. Zilipobaki dakika mbili rekodi ifike kikomo, Baba Mkubwa akaanza kusema, polepole, akipumua kwa taabu. Ramlah aliweka kidole kwenye kitufe. Lakini ukisimamisha, programu hutangaza kwa sauti kali, kila mtu akasikia, kwamba rekodi imesimama. Amkatize mzee mgonjwa kwa kelele za mashine? Akangoja apumzike kidogo. Mzee hakupumzika. Heshima si utumwa, husema watu. Siku ile ilikuwa utumwa mtupu.

Dakika ishirini baadaye mzee alitamka waziwazi: nyumba ni ya Hajara, asisumbuliwe na mtu. Fadhul akaitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mzee alifariki juma lililofuata. Arobaini ilipopita, Fadhul akaja Wanyange na mnunuzi. Hajara alimwita bintiye kutoka Mbale, na Ramlah akaicheza rekodi: salamu, dua, mbuzi, kisha mzee akiomba maji ya kunywa na kuanza kuwataja wajukuu. Hapo ikakoma.

"Fadhul, wewe mwenyewe ulisema amina," Hajara akamwambia.

"Mama, amina mimi nasema kila siku. Hiyo maneno iko kwa rekodi?"

Ramlah aliwapigia simu wale wengine, mmoja mmoja. Hakuna aliyekana, hakuna aliyekubali. Walisema tu kwamba walikwisha patana, shahidi ni rekodi. Aliumia zaidi kwa hao kuliko kwa Fadhul.

Mama na mwana sasa wanaishi katika chumba kimoja Mbale. Asubuhi moja, akikunja godoro, Hajara akauliza:

"Ulijua itakatika. Kwa nini hukumkatiza?"

Ramlah alimtazama mwanamke aliyemchapa fimbo utotoni kwa kudakia maneno ya wakubwa.

"Nisamehe, Mama," akasema.